Jinsi Dabizhiv Alivyoitwa Nusunywele

Juzi, kule mtoni, mjukuu wangu Vojin aliteleza kwenye jiwe la kufulia akazama mpaka utosi. Mama yake, Milava, alimvuta kwa nywele, akamkumbatia, akalia kwa sauti iliyofika ng'ambo: "Maiti! Maiti yangu mimi!" Na mtoto yu mzima, anakohoa maji tu na kuona haya. Wanawake waliokuwa wakifua walicheka, kwa sababu hofu ilikuwa imekwisha na kicheko kilitaka pa kutokea. Jioni watoto wa jirani walisimama mlangoni petu wakaita, "Maiti, njoo tucheze!"

Mimi sikucheka. Nimewahi kuona jina likizaliwa namna hiyo, nikaona na lilichokula. Padri wetu wa zamani alinifundisha herufi nikiwa msichana, mpaka baba aliponiambia basi, inatosha, kondoo hawasomi. Kwa herufi hizo hizo ninaandika haya, Milava ayasome, na mama mwingine yeyote mwenye mtoto mdogo na moyo mwepesi wa kuogopa. Mimi moyo wangu ni mwepesi pia. Simcheki mtu.

Jina la ubatizo mtoto hupewa na msimamizi wake, mbele ya padri, na mzazi hana neno. Lakini lile jina la pili, linalomfuata mtu sokoni na vitani mpaka kaburini, halina padri. Mara nyingi tunalitoa sisi wenyewe, siku ambayo ulimi umetangulia akili.

Bwana wetu wa bonde la chini aliitwa Obrad, na mkewe Bibi Vladava. Mume wangu Hrelja alichunga farasi wao, na mimi niliwaokea mkate, kwa hiyo yaliyopita katika nyumba ile yalipita mbele ya macho yangu. Bibi Vladava alizaa na kuzika, akazaa na kuzika. Alipopata huyu wa mwisho, msimamizi alimpa jina tunalowapa watoto wa nyumba zenye makaburi mengi: Dabizhiv, maana yake aishi tu. Bibi hakumwacha aguse ardhi mpaka alipokuwa mkubwa wa kukimbia. Mtoto akipiga chafya, jikoni tuliacha kukanda unga.

Bonde la juu lilikuwa la Bwana Mrksha. Kati ya nyumba hizi mbili palikuwa na malisho ya mlimani na damu juu ya malisho hayo. Nani alianza, kila upande una jibu lake. Ninalojua ni kwamba kaka yake Bibi Vladava alikutwa kwenye kivuko amekatwa koo, na watu wa Mrksha walionekana huko asubuhi ile. Na watu wetu walikuwa wamefanya ya kwao, sisemi hawakufanya.

Wazee walipochoka kuzika, wakatafuta njia ile inayojulikana kwetu. Mtoto wa kiume hanyolewi tangu kuzaliwa mpaka atimize miaka mitatu. Siku hiyo mama humpakata kwenye ngazi ya madhabahu, na mtu aliyechaguliwa humkata nywele za kwanza, upande wa kulia kisha wa kushoto. Huyo anakuwa baba wa nywele. Nyumba yake na nyumba ya mtoto zinakuwa ndugu, hawaoani tena wala hawamwagi damu. Ndiyo maana mtu mwenye adui humwita adui yake, akampa mkasi na kichwa cha mwanawe. Hakuna dhamana kubwa kuliko hiyo.

Bwana Obrad alimwita Mrksha.

Nakumbuka Bibi alivyoingia jikoni wiki ile, akashika ukingo wa meza yangu ya unga. "Wewe," aliniambia, "ungempa mbwa mwitu mwanao akamlambe?"

Nikasema, "Bibi, wanaume wameshakubaliana."

"Wanaume hawakuzaa."

Nikarudi kukanda unga.

Siku ilipofika kanisa lilijaa. Watu wa juu walisimama upande wa kaskazini, sisi kusini, na silaha zote zilibaki nje, zimeegemezwa ukutani kama majembe ya watu waliokwenda kula. Mrksha alikuja na mwanawe wa pekee, Vukas, kijana aliyeota ndevu juzi tu, na kondoo dume mweupe wa zawadi, amefungwa utepe mwekundu kwenye pembe. Bibi Vladava alikaa kwenye ngazi, mtoto mapajani. Uso wake ulikuwa wa nta.

Mrksha alipiga goti. Alikata upande wa kulia, taratibu, padri akaupokea ule mshungi wa nywele na kuubandika kwenye nta ya mshumaa. Mtoto alitulia, anamtazama kondoo. Halafu Mrksha akageukia upande wa kushoto. Yule mzee alitumia mkono wa kushoto. Ili aweze kufika chini ya sikio, ilimbidi ashike kidevu cha mtoto na kukiinua juu kidogo, kama unavyofanya na mtoto yeyote asiyetulia. Shingo ikanyooka. Mkasi ukang'aa.

Bibi Vladava alipiga kelele. "Anamchinja! Anamchinja mwanangu kama alivyomchinja kaka yangu!" Akamnyakua mtoto, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga madhabahu.

Hakuna aliyesogea. Mkasi ulikuwa umeanguka kwenye jiwe, na mlio wake ulikaa masikioni. Mtoto alianza kulia, si kwa mkasi, kwa kelele ya mama yake.

Mrksha aliinuka. Alikuwa mweupe kuliko Bibi. "Obrad," alisema, "nimekuja mikono mitupu katika nyumba ya Mungu, na mkeo ameniita mchinjaji wa watoto mbele ya mwanangu."

"Ni hofu ya mwanamke," Bwana Obrad alisema. "Ndugu, maliza. Nakuomba, maliza."

"Usiniite ndugu. Nywele hazijaisha."

Alitoka, na watu wake nyuma yake. Kondoo alibaki, anatafuna utepe.

Nawaambia kweli, mimi nilisimama karibu kuliko wengi, na kile kidevu kilipoinuliwa, moyo wangu pia ulipanda kooni. Ila mdomo wangu ulikuwa umefumbwa. Hiyo ndiyo tofauti yote kati yangu na Bibi Vladava, na si sifa. Pengine ni kwa vile mtoto hakuwa wangu.

Kiangazi hicho hicho Bwana Obrad aliuawa malishoni. Watu wetu hawakukaa kimya: Vukas, yule kijana wa ndevu changa, alivamiwa kwenye daraja la magogo, akaletwa kwa baba yake juu ya punda. Shemeji yangu naye alikwenda huko na hakurudi. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mara nyingi kinachokatwa ni kichwa cha mwingine.

Na zile nywele? Kwetu, nywele za kwanza zikianzwa na mkono mmoja, mkono mwingine hauruhusiwi kuzimaliza. Si mama, si padri, si askofu. Upande wa kulia wa Dabizhiv ulikuwa umefunguliwa, ukakatwa kila nywele zilipoota. Upande wa kushoto ulibaki kama alivyozaliwa nao. Ulikua mpaka begani, mpaka kifuani, Bibi akausuka msuko mmoja. Ukimwona kutoka kulia ni mvulana kama wengine. Ukimwona kutoka kushoto ni msichana wa kuolewa.

Wachungaji wa bonde la juu ndio waliolitoa jina, kutoka ng'ambo ya mto. "Nusunywele! Weee, Nusunywele! Mama yako yuko wapi, aje akupigie kelele!"

Wa kwetu walirusha mawe. Lakini baada ya muda niliwasikia wa kwetu pia, wakicheza, "Zamu ya Nusunywele!" na yeye mwenyewe akaja mbio kuchukua zamu yake. Siku ile nilijua limeshika.

Siku moja aliingia jikoni na kisu cha kukatia jibini, ameshikilia msuko kwa mkono mwingine, analia kwa hasira. "Nakata! Nimechoka nao!"

Bibi alimrukia mkono. "Usikate, mwanangu! Ukiukata umefunga mlango. Yule mzee hataweza kumaliza tena, na damu haitakwisha."

"Basi mwite aje amalize!"

Bibi alimwachia mkono. Alitazama sakafuni. Mvulana akarudisha kisu mezani, polepole, akatoka. Tangu siku hiyo sikumwona akilia.

Alikua mtu mtaratibu, mwenye maneno machache. Alijenga daraja la mawe pale palipokuwa na magogo, pale pale alipokufa Vukas, na watu wa juu walilipita bila kulipa chochote. Wavamizi walipopanda bonde kutoka kusini aliwazuia kwenye genge la mlima akiwa na watu wachache, na jina likatoka nje ya mipaka yetu. Jina gani? Mpiga mbiu wa mfalme alipokuja kumwita vitani, alisimama uani akakunjua waraka wa ngozi akasoma: "Kwa Nusunywele, bwana wa bonde la chini." Hakuna Dabizhiv humo. Nilimwona Bibi Vladava akiingia ndani na kufunga mlango.

Wachuuzi wa chumvi kutoka mji wa pwani waliniuliza jikoni kwangu, huku wakila uji wangu, "Mama, ni kweli bwana wenu alikuwa mtawa, akatoroka katikati ya kunyolewa?"

"Nani kawaambia?"

"Watawa wa kwetu wameandika hivyo. Wamesema alimkimbia Mungu akiwa nusu."

"Kuleni uji wenu."

Niliwaeleza ilivyokuwa, wakaitikia kwa vichwa, lakini niliona ile ya mtawa mtoro imewapendeza zaidi. Jina likishasafiri haliendi na sababu yake. Linaokota nyingine njiani.

Dabizhiv alioa Grlica, msichana mpole wa nyumba ya mbali, wakapata mtoto wa kiume, Obren. Mtoto akakaribia miaka mitatu. Damu bado ilikuwa ikitembea, kidogo kidogo, mchungaji hapa, kijana wa kinu pale. Na mwanangu wa kwanza alikuwa ameanza kuchunga farasi malishoni, kwa hiyo msidhani nilikuwa nikilala.

Walikuwa wakila, nami nikiweka mkate, Dabizhiv aliposema, "Nimetuma neno kwa Mrksha. Aje amnyoe Obren."

Grlica aliweka kijiko. Bibi Vladava akasimama.

"Hapana! Yule mzee hana mtoto tena. Mtu asiye na mtoto anaogopa nini? Sisi tulimmalizia ukoo, Dabizhiv! Utamweka mwanao chini ya mkono wake?"

"Ndiyo, mama."

"Mkono wake ukiteleza?"

"Utateleza."

"Mwanangu, uchungu wa mwana aujua mzazi. Wewe hujui nilichokiona siku ile."

"Mama," alisema, bila kupandisha sauti, "mimi jina ulinipa wewe. Huyu mwache apewe na wengine."

Nilitamani sakafu ifunguke. Bibi akakaa. Mkono wake ulitafuta mkate mezani ukaushika tu, bila kuumega.

Jibu la Mrksha liliteremka kesho yake kwa mdomo wa padri. Atakuja. Ana sharti moja: mtoto apakatwe na mwanamke yule yule.

Kwetu bibi akipakata mahali pa mama si kosa, ila mama mwenyewe awe radhi. Grlica alikwenda chumbani kwa mama mkwe wake. Nilisikia kupitia mlango. "Mama, nakupa mtoto wangu. Nakuomba kitu kimoja tu: usipige kelele. Hata iweje."

"Hata iweje," sauti ya Bibi ilijibu, ndogo kama ya msichana.

Theluji ilikuwa ikiyeyuka, paa la kanisa linadondosha matone. Safari hii watu wa juu walikuwa wachache, na wengi wao wana mvi. Mrksha aliingia akiegemea fimbo. Meno yamekwisha, mabega yameshuka, na mkono wa kushoto, ule wa mkasi, ulikuwa unatetemeka wenyewe kama jani. Kila mtu aliuona. Dabizhiv aliuona. Bibi Vladava, ameketi kwenye ngazi ile ile na Obren mapajani, hakuangalia kingine chochote.

Mzee alipiga goti kwa shida. Obren alikuwa na mdomo mwepesi, akamwuliza, "Babu, mbona mkono wako unacheza?"

"Unakuogopa wewe," Mrksha alisema.

"Mimi siumi."

"Siku ile nilimwambia baba yako hivyo hivyo, kwamba siumi. Hakuna aliyenisikia."

Watu walicheka kidogo, wakanyamaza haraka.

Upande wa kulia ulikatwa. Padri akapokea. Mzee akahama, akanyoosha mkono, akashika kidevu cha mtoto, akakiinua. Shingo ikanyooka. Nilimtazama Bibi. Macho yake yalikuwa wazi, na alikuwa hapumui.

Mkono ukacheza. Ncha ya mkasi ilichana ukingo wa sikio, mtoto akapiga ukelele, na damu ikashuka shingoni, nyembamba, nyekundu kabisa juu ya lile shati jeupe. Mikono ya wanaume pande zote ilikwenda viunoni, ikakuta hakuna kitu. Grlica aliuma ushungi wake. Mrksha mwenyewe aliganda, mkasi hewani, na usoni mwake niliona hofu. Alikuwa anangoja kelele ile. Nadhani alikuwa ameingoja miaka yote.

Bibi Vladava alilamba kidole chake, akakibandika kwenye sikio la mjukuu, akabonyeza. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kuliko mkono wa mzee.

"Endelea, ndugu," alisema.

Mrksha hakuendelea mara moja. Alimtazama. Kisha akazikata zile za kushoto, kwa mkato mmoja, na padri akazibandika kwenye nta, na kengele ikapigwa.

Hapo Dabizhiv alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuja akapiga goti mbele ya mzee, akautoa ule msuko nyuma ya bega na kuuweka kifuani. Ulikuwa na mvi mbili tatu. "Na mimi, baba," alisema. "Mkono ni wako. Nimalizie."

Mrksha aliushika msuko, akaupima kiganjani kama mtu anayepima uzi.

"Mtoto wako nimemnyoa," alisema. "Kuanzia leo ni mwanangu, na atakayemgusa amenigusa mimi. Malisho tutagawana. Hayo nimeyaapa na nitayashika. Lakini huu, hapana."

"Kwa nini, baba?"

"Mimi kila jioni narudi kwenye nyumba isiyo na Vukas. Wewe rudi na hizi."

Aliuachia msuko taratibu, bila chuki, na kuinuka kwa fimbo yake. Bibi Vladava alisikia kila neno. Dabizhiv alibusu mkono wa mzee na hakuomba mara ya pili.

Tulipotoka nje, watu wa mabonde yote mawili walishangilia, wakarusha kofia, wakachanganyika kwa mara ya kwanza. Na walichoshangilia kilikuwa hicho hicho: "Nusunywele! Nusunywele!" Wa ng'ambo na wa kwetu, kwa furaha ya kweli. Yeye aliwapungia. Alikuwa amelizoea kama mtu anavyozoea mguu mfupi.

Amani ilishika. Wanangu wameoa, wamezeeka kidogo, na kwenye mto ule tunafulia pamoja. Mrksha alikufa kitandani, Obren amemshika mkono.

Bibi Vladava, tangu siku ile, alikuwa na desturi ambayo wageni waliiona ni uzee. Kila jioni, saa za mifugo kurudi, alisimama kwenye lango na kuita kwa sauti yote, "Dabizhiv! Dabizhiv, mwanangu!" Hata kama yuko ndani, nyuma yake. Hata kama yuko vitani. Mchuuzi mmoja aliniuliza, "Huyo bibi anamwita nani? Amefiwa?" Nikamwambia anamwita bwana wetu. Akasema, "Kwani haitwi Nusunywele?"

Alipofariki tulimzika karibu na wale watoto wake wadogo. Jioni ile mifugo ilirudi, vumbi likatulia, na langoni hapakuwa na sauti. Bwana wetu alikuwa amesimama uani, msuko wake begani, ameelekeza sikio langoni. Alisimama mpaka tukawasha taa. Hakuna kati yetu aliyekuwa na haki ya kumwita kwa jina lile, na waliokuwa na haki walikuwa wamekwisha.

Milava, nimewafukuza wale watoto mlangoni kwa ufagio, lakini najua ufagio hautoshi. Leo alfajiri nimetoka nje, nimesimama penye jiwe la kufulia, nikamwita mtoto wako kwa jina lake alilopewa na msimamizi. Vojin. Vojin. Nimeita mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kama nimerukwa na akili. Kesho nitaita tena. Njoo tuite wote wawili.